Baba alipokula Forodhani

Baba yangu mzazi hajapata kuwa mlafi. Huko Makote, wilayani Newala, alikokulia na kutulea, mtu mzima aliyeonekana akitafuna huku akitembea alihesabiwa kuwa hakufunzwa. Chakula kilikuwa na mahali pake, saa yake na watu wake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, utaelewa mashaka niliyokuwa nayo jioni ile nilipomshika mkono mzee wa miaka 73 na kumwongoza kwenye bustani ya Forodhani, Unguja, mahali ambapo mamia ya watu hula wakiwa wamesimama.

Kilichotupeleka huko hakikuwa anasa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mama alikuwa amefariki dunia. Matanga yalipokwisha, sisi watoto tulikata shauri kwamba baba asiachwe peke yake Makote, bali aje kukaa kwangu Dar es Salaam. Tulidhani tunamtendea wema. Nilimpa chumba chenye dirisha kubwa na feni. Alipata na maji ya bomba, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa uwanda wa Makonde, ambako akina mama walizoea kuteremka bondeni alfajiri na kurejea na mtungi mmoja jua likiwa limekwisha panda.

Lakini baba alikuwa hali. Mimi na mke wangu hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na watoto huenda shule. Mchana baba alifunua sahani mezani, akala matonge mawili matatu, akaifunika tena. Jioni mimi hurudi kutoka chumba cha habari wenzangu wamekwisha kula. Nguo zikaanza kumpwaya. Daktari alimpima asione ugonjwa. Siku moja baba akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nirudisheni nyumbani." Nikajifanya sikusikia.

Basi nilipopata safari ya kikazi kwenda Unguja, nilimchukua. Moyoni nilikuwa na hila yangu: akionja mazuri ya miji mikubwa, huenda akaisahau Newala.

MOSHI WA JIONI

Jina la Forodhani latokana na forodha, kwa kuwa hapo ndipo ulipokuwa ukitozwa ushuru wa bidhaa zilizoteremshwa majahazini. Bustani yenyewe ilitengenezwa kuwa ukumbusho wa miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, iliyotimia mwaka 1936, na ikakarabatiwa upya mwaka 2009. Nyuma yake pana Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mbele yake ni bahari tupu, na vijana hujirusha kutoka ukutani wakishindana kupiga mbizi.

Jua linapokuchwa, meza hupangwa, majiko ya makaa huwashwa, na moshi wenye harufu ya bizari hutanda juu ya bustani nzima. Hapa pana mishikaki ya nyama, pale kamba wakubwa, ngisi na vipande vya jodari. Huyu anakaanga chapati nyembamba iliyojazwa nyama ya kusaga na yai, ambayo wenyewe huiita pizza. Yule anateka urojo wa manjano uliokolea ndimu na embe bichi, akitumbukiza bajia na kachori ndani yake. Pembeni mashine inakamua miwa pamoja na tangawizi. Hakuna anayenunua sahani moja akashiba. Mtu hula kipande hapa, akasogea, akala kingine pale, na kati ya meza na meza husimama kuzungumza.

Baba alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye harusi asiyoalikwa. Mwuza pweza akamwona.

"Shikamoo, mzee wangu. Njoo uonje kwanza, ukipenda ndipo tuzungumze."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sili njiani."

"Hapa si njiani, mzee wangu. Hapa ni Forodhani."

Watu waliozunguka sinia wakacheka, wakamsogezea nafasi. Palikuwa na mchukuzi wa bandarini ambaye bado alivaa nguo zake za kazi, mwalimu mmoja wa shule, na mama aliyefika kutoka Pemba pamoja na bintiye. Kila mmoja alishika kijiti, akichoma kipande, akakichovya katika pilipili na chumvi. Baba, kwa kuwa adabu ilimkataza kukataa mara ya pili, akapokea kijiti chake.

Mwuzaji akaanza kutusomesha: jinsi akina mama wanavyomtafuta pweza kwenye mashimo ya miamba maji yanapokupwa, jinsi anavyopigwapigwa mpaka alainike, maana asipopigwa hutafunika kama mpira, kisha huchemshwa, akakatwa vipande. "Na supu yake, mzee wangu," akaongeza akiinua kikombe, "inarudisha ujana."

"Ukirudi," baba akajibu, "nitaupeleka kwa nani?"

Wote wakaangua kicheko, naye akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu siku tuliyomzika mama.

Akala kipande cha tatu, akala cha nne. Alipofika cha sita alitoa hukumu yake: pweza ni mtamu, ila hajamfikia samaki nchanga. Mwuzaji akataka kujua samaki huyo anavuliwa bahari ipi. "Kwetu shambani," baba akasema bila hata kutabasamu. Msomaji mwenye asili ya kusini anajua kwamba samaki nchanga ni panya wa mashambani. Mimi niligeuka kutazama majahazi.

Wakati wa kulipa hapakuwa na hesabu ndefu. Mwuzaji alikusanya vijiti vya kila mtu, akavihesabu, akataja bei.

Desturi hii si ya Unguja pekee. Katika miji ya pwani ya Hispania, jioni zikifika, watu hutoka baa moja hadi nyingine wakila visahani vidogo viitwavyo tapas, neno ambalo maana yake ni vifuniko. Katika mji wa San Sebastián wako wauzaji wanaohesabu vijiti kama alivyofanya mwuza pweza wetu. Na katika ufuko wa Málaga dagaa wakubwa hutungwa katika vijiti vya mianzi, wakachomwa kando ya moto unaokokwa ndani ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga. Bahari ni mbalimbali, lakini kumbe binadamu anapenda kushika kidogo mkononi na kuwa na mtu wa kuzungumza naye.

MANENO YA BAADAYE

Tulikwenda kuketi ukutani, miguu ikining'inia juu ya maji. Baba alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Hawa wanakula kama tulivyokuwa tukila sisi."

Akanikumbusha kibanda cha wanaume kule kijijini. Kila jioni kila nyumba ilileta sahani yake: huyu ugali wa muhogo na kisamvu, huyu mbaazi, mwingine ming'oko iliyochemshwa. Hakuna aliyekula cha mkewe tu akashiba. Ulichukua kidogo hapa, kidogo pale. Mgeni alikula. Mvivu naye alikula, japo kwa kusemwa.

"Na aliyefiwa na mke," baba akasema, "alikula pale pale, wala hakuna aliyemwuliza sahani yake iko wapi."

Hapo hila yangu ikanigeukia. Nilikuwa nimempeleka ili aisahau Newala, naye akanionyesha Newala katikati ya Forodhani. Hakukataa chakula chetu cha Dar es Salaam. Alikataa kukila akitazamana na ukuta. Wahenga waliposema kizuri kula na nduguyo, mimi nilishika neno kizuri, nikaliacha neno nduguyo.

Siandiki haya ili kuwashauri wenzangu wenye wazazi wawarudishe vijijini. Wako wazee wengi wanaostawi mijini. Ila nauliza, na kwanza najiuliza mimi: mchana huu, sisi sote tukiwa kazini, mzee wako anakula na nani?

Msimu wa korosho ulipokaribia, nilimpeleka baba nyumbani mwenyewe. Miezi mitatu baadaye nilikwenda kumjulia hali. Nilifika Makote magharibi, nikamkuta ameketi mkekani pamoja na wazee wenzake wanne, shati limeanza kumkaa mwilini. Hakuinuka. Alisogea kidogo kunipa nafasi, akanisogezea sahani ya mbaazi ambayo sikujua imetoka nyumba gani, nami sikuuliza.