Skripti Yangu Ilifanya Kazi, Ila Haikuwa na Skrini

Wasee, wiki iliyopita nimepoteza mteja, na siwezi kusema ni mtandao.

Mnajua mimi ni wa bando. Nextcloud ikiwa wazi laptopu ikiwa kwa hotspoti ya simu, video moja inameza data yangu yote. Kwa hivyo nikaandika skripti: laptopu ikishika waifai ya saiba, Nextcloud ijifungue yenyewe ianze kupandisha video. Nikaiweka kwa /etc/NetworkManager/dispatcher.d, nikaijaribu kwa terminali, ikafunguka safi. Nikajiona injinia.

Jumapili nikaenda saiba, nikashika waifai, nikakaa saa moja nikijibu komenti, nikafunga laptopu nikaenda zangu. Jumatatu mteja ananiuliza video iko wapi. Folda yake tupu. Hiyo pesa ilikuwa ya rent. Aliyenikopesha ni mathe, ambaye bado hajanisamehe kuacha chuo mwaka wa pili.

Usiku huo nikajiuliza swali moja: skripti iliitwa ama haikuitwa? Nikaongeza mistari miwili, date na whoami, majibu yaende kwa faili ya logi. Nikazima waifai, nikawasha. Saa ikaandikwa. Kumbe iliitwa! Lakini jina lililofuata halikuwa langu, lilikuwa root. Nikaelekeza na makosa kwa hiyo logi, nikapata hii: could not connect to display.

Hapo nikashika. Nikiifungua kwa terminali, ni mimi, na terminali yangu inajua skrini iko wapi. Waifai ikishika, NetworkManager ndiyo inaiita, kama root, nje ya kikao changu. Hakuna DISPLAY. Ni kama kumtuma mtu wa boda na mzigo bila kumwambia ni nyumba gani.

Wengi watakwambia uongeze export DISPLAY=:0. Usikimbilie hiyo. Hata dirisha likifunguka, programu bado ni ya root: haina akaunti yako wala mipangilio yako, na faili itakazounda zitakuwa mali ya root. Mimi niliitoa skripti huko kabisa. Sasa inaanza nikiingia kwa akaunti yangu, inasikiliza nmcli monitor, na waifai ya saiba ikishika inafungua Nextcloud kama mimi, kwa skrini yangu.

Mteja hajarudi. Mathe nitamlipa mwisho wa mwezi, nimemwahidi. Kosa langu halikuwa kutojua mambo ya root. Kosa ni kwamba niliijaribu kwa mkono nikasema imeisha. Kama kitu kitaitwa na waifai, zima waifai, washa, halafu uangalie.

Na siku hizi sitoki saiba kabla sijaona ile alama ya kijani.