Rangi Zilizotoka Jikoni

Mwanafunzi yeyote wa sarufi ya Kiswahili anafahamu kwamba lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya asili vinavyotaja rangi na kukubali viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine aghalabu hutajwa kwa kuazima jina la kitu. Manjano ilikuwa kiungo cha mchuzi kabla ya kuwa rangi. Kahawia imetokana na kahawa, rangi ya chungwa na ile ya zambarau zimetokana na matunda, kijivu na jivu la mekoni, na kijani na jani. Ukiyapanga maneno hayo pamoja, utadhani umeingia jikoni mwa mtu.

Uzito wa jambo hili ulinidhihirikia nje ya darasa, mwaka 2022, wakati wa matayarisho ya harusi ya dada yangu huko Mombasa. Wapambaji wa kukodi walitutaka shilingi 48,000. Kwa fedha hizo wangeleta maua ya plastiki, maputo, vitambaa vya nailoni na ile chenga imetametayo inayonyunyizwa mezani. Mama yetu ni muuza mahamri. Kiasi hicho kingelipwa kwa mkopo, na mkopo huo ungelipwa na mahamri. Nilipendekeza tupambe kwa vitu vya jikoni mwetu. Shangazi, ambaye ndiye msemaji wa ukoo katika mambo ya arusi, alinijibu papo hapo: "Mwanangu, watu watasema tumempamba mtoto kwa jaa."

Hoja ya shangazi haikuwa ya kupuuzwa. Pambo ni kauli. Linawaambia wageni jinsi binti anavyothaminiwa na waliomzaa. Anayesema kwamba vilivyotupwa vinaweza kupamba hana budi kuonyesha kwamba vinapamba kweli. Mama aliamua tujaribu kwa wiki mbili, na ikiwa shangazi hataridhika, basi mkopo uchukuliwe.

Tulianza na kitambaa cha pamba cha merikani. Pamba haishiki rangi ya mimea kwa urahisi, kwa hivyo kitambaa hutayarishwa kwanza. Tulikiloweka usiku kucha katika maji ya majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, kwa kuwa chai ina tanini, kisha tukakitia katika maji ya moto yaliyoyeyushwa shabu, takriban gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Shabu ndiyo inayoifunga rangi isitoke. Baadaye tulichemsha maganda makavu ya vitunguu, tukayachuja, na kukitumbukiza kitambaa. Kilitoka na rangi ya dhahabu iliyokolea. Kipande kingine tulikitia katika maji ya manjano, na pembe zake tukazichovya katika maji ya magadi. Hapo wapwa zangu walipiga kelele, kwani manjano iligeuka nyekundu ya udongo mbele ya macho yao. Ndiyo kawaida ya manjano inapokutana na magadi. Kipande cha tatu, kilichokuwa kimekolea chai, tulikiloweka pamoja na misumari yenye kutu, kikawa kijivu cha wingu la masika.

Kisha tulivigeukia vifuu. Nyumba inayopika wali wa nazi na mchuzi wa tui haiishiwi na vifuu. Tulivisugua kwa msasa, tukavipaka mafuta ya nazi, navyo vikang'aa kama mpingo. Wapwa zangu hawakujua kwamba msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti ambao majani yake yana mkwaruzo na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Walijua "nazi" tu. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wakitaja kumbi, kifuu, tui na chicha bila kufundishwa na mtu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameagizwa kimojawapo na akiketa kingine anarudishwa.

Mgogoro mkubwa zaidi ulizuka juu ya unga. Kuna kinyago chepesi kinachofinyangwa kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na maji kidogo kidogo yasiyozidi kikombe kimoja. Donge hilo hukatwa maumbo, likakaushwa kwa moto mdogo, nalo huwa gumu kama chokaa. Chumvi nyingi huzuia kuvu. Dada alitaka nyota na miezi ya aina hiyo. Mama alikataa. Mwaka huo pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200, hata mwezi wa Julai serikali ikatangaza ruzuku ili iuzwe kwa shilingi 100. "Unga haukandwi usiliwe," alisema, "na jirani analala na uji wa chumvi." Kauli hiyo ilitupa kanuni ambayo hakuna kitabu cha ufundi nilichokisoma kilichoitamka waziwazi: jiko litoe mapambo kutokana na mabaki yake, si kutokana na riziki yake. Ganda la kitunguu, ganda la yai, kifuu na majani ya chai yaliyokamuliwa vimekwisha kutimiza wajibu wao kwa tumbo. Unga haujautimiza. Nyota za dada tulizitengeneza kwa vipande vya maganda ya mayai vilivyobandikwa kwenye boksi kuukuu.

Hata kama si suala la maadili, donge la chumvi halifai pwani. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Wahenga walishatuonya: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Yafaa pia tuseme kweli kuhusu mazingira. Kitu hakiwi rafiki wa mazingira kwa kuwa tu kimetoka shambani. Anayechemsha maganda kwa saa tatu juu ya makaa amekata mti ili kuokoa kitambaa. Sisi tulitumia jiko la mahamri, mama akishamaliza kukaanga alfajiri na moto ungali hai. Kwa upande mwingine, madhara ya plastiki si ya kubuni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Umoja wa Ulaya ukaanza kuzuia uuzaji wa chenga za plastiki zimetametazo mwezi wa Oktoba 2023. Pambo la usiku mmoja halistahili kubaki baharini kwa miaka na mikaka.

Siku ya harusi vifuu vilijazwa asumini na mirehani. Shangazi aliingia, akagusa pazia la rangi ya dhahabu, akauliza ni la duka gani. Hakuna aliyemjibu upesi. Mwishowe alicheka, akawaita wenzake waje kutazama. Hata hivyo, hadi leo yuko jamaa mmoja anayesema kwamba tulifanya vile kwa ufukara. Yeye hakukosea kabisa: hatukuwa na fedha. Lakini mkopo haukuchukuliwa, na akiba ndogo ya mama ikamnunulia dada cherehani iliyokwisha kutumika, ambayo anaishonea hadi leo. Pazia la manjano lilipauka kwa jua baada ya majuma machache, maana manjano haivumilii jua. La vitunguu lingalipo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hulalamika mara kwa mara kwamba msamiati wa pwani unakufa, kisha tunautafutia tiba katika orodha na faharasa. Nimewaona watoto watano wakiupata kwa mikono yao. Neno huishi palipo na kazi inayolihitaji. Mtoto asiyekuna nazi hana haja ya neno "chicha", na kamusi haitamshawishi.

Kila tarehe 7 Julai, tangu mwaka 2022, tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, na kumbi zetu hupambwa kwa maputo. Napendekeza chama chetu kipambe ukumbi ujao kwa vifuu, makumbi na vitambaa vilivyotiwa rangi ya manjano na maganda ya vitunguu, na kila pambo liandikwe jina lake. Gharama yake ni shabu ya shilingi chache na mikono ya wanachama. Wageni wakiuliza tumevinunua wapi, tuwaambie vinakopikwa.