Dau la Faraghani

Mnada si jambo geni katika dini yetu wala katika miji yetu. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Sunan ya Abu Daud na ya Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alinadi tandiko na chombo cha kunywea cha Ansari mmoja aliyekuwa fakiri. Mtu wa kwanza alitoa dirhamu moja; Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, na mwingine akavitwaa kwa dirhamu mbili. Wapo wanavyuoni walioona udhaifu katika sanadi yake, lakini kujuzu kwa mnada ni kauli ya wengi. Kilichobadilika ni uwanja. Zamani dalali alisimama kati ya watu na kila dau likasikika. Leo tunanadi kwa simu, nayo simu ni kama nyumba: ina mlango wa barazani na mlango wa uani.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Nairobi na ndoa, na makazi yangu ni Makina, Kibera. Jirani yangu alifiwa na mumewe, fundi wa nguo, aliyemwachia wasia wa kusimamia mali ya watoto. Madeni na gharama za mazishi zilipokwisha kulipwa, kilichobaki cha thamani kilikuwa cherehani ya umeme. Warithi walikuwa yeye, wavulana wawili na binti mmoja, kwa kuwa wazazi wa marehemu walikwisha tangulia mbele ya haki. Akaniomba niwe wakili wake, niinadi katika kundi la WhatsApp ambalo watu wa Kibera na Kawangware huuziana vyombo vya kazi.

Tulitangaza masharti mapema: dau la kwanza shilingi 12,000, nyongeza isipungue 200, na mnada ufungwe Jumamosi baada ya sala ya Alasiri.

Ijumaa dau la hadharani lilikuwa 14,000. Hapo mlango wa uani ukabishwa. Mfanyabiashara mmoja wa Kawangware aliniandikia faraghani: “Mama, nakutumia 16,500 sasa hivi kwa M-Pesa, lakini ufunge mnada na usiwaambie watu bei.” Ndugu msomaji, pesa zilizo karibu zina utamu wake, hasa nyumba inapodaiwa karo. Nami sikuiona ofa ile kuwa haramu kwa dhati yake. Mauzo hutimia kwa ijabu na kabuli. Maadamu muuzaji hajakubali dau la yeyote, mali bado ni yake. Ndiyo maana kuzidishiana bei mnadani hakuhesabiwi kuwa kuingilia biashara ya nduguyo, jambo lililokatazwa pale ambapo wawili wamekwisha kuridhiana.

Lakini tulikuwa tumewatajia watu saa. Fundi aliyeko kazini, anayetaraji kurudi jioni aongeze dau lake, ameiamini saa ile. Tena aliyetoa 16,500 kwa siri anaijua thamani ya kitu kuliko sisi. Anachonunua kwa ile siri ni kutokuwepo kwa washindani. Nilimpelekea mjane ujumbe wenyewe ausome, maana wakili hamfichi mwenye jambo hata ofa moja. Akauliza tu, “Kwa nini asiseme mbele ya watu?” Nikamjibu yule bwana kwa adabu kwamba dau lake tutalifurahia akilitoa kundini. Alinyamaza siku nzima.

Ujumbe wa pili ulitoka kwa shoga yangu, naye alikusudia hisani. Alitaka atie madau ya uongo ili bei ipande. Huo ndio najashi, nao umekatazwa waziwazi, hata kama faida ingekwenda kwa yatima. Nilimshukuru nikamkataza.

Wa tatu ndio ulionikosesha usingizi. Binti mmoja wa Laini Saba, fundi kijana, alikuwa na 13,000, zilizobaki alipe kidogo kidogo. Kama ingekuwa mali yangu, ningempa. Lakini aya za mwanzo za Suratu Nnisaa zina onyo zito juu ya mali ya yatima, na huruma ya mtu haifanywi kwa mfuko wa mtoto asiyeweza kukataa. Mjane ana thumuni yake, sehemu moja katika nane, na hiyo tu ndiyo aliyoweza kuisamehe. Tulipiga hesabu usiku ule. Thumuni haikutosha kuziba pengo hilo. Tukamwambia ukweli bila kumzungusha.

Jumamosi alasiri yule bwana wa Kawangware alijitokeza kundini, akashindana na fundi mmoja wa karibu na Soko la Toi mpaka 18,400, akapata. Hakuonyesha kinyongo.

Alikuja mchana, mbele ya watu, kama tulivyoagana. Hapa nitawasihi akina mama: msiangalie ujumbe ulio katika simu ya mnunuzi, wala ule uliotumwa kwenu kwa namba ya kawaida. Mjane alitazama salio lake mwenyewe, akaona shilingi zimeingia, ndipo mashine ikapakiwa kwenye mkokoteni. Mnunuzi akatia sahihi kwenye karatasi ya mauziano, mashahidi wawili nao wakatia zao, ili asije akadai baadaye kwamba pesa alizituma kimakosa.

Usiku mjane aliandika katika daftari: thumuni yake 2,300, kila mvulana 6,440, binti 3,220. Yule binti, ambaye ndiye mdogo wao, aliuliza zake zitanunua nini. Mamake akamwambia kwa sasa hazinunui kitu, akalifunga daftari akaliweka kabatini pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa.