Vilima Visivyo na Miti Huko Kolwezi

Kitabu cha jiografia huigawa dunia kwa mvua na joto. Penye mvua nyingi mwaka mzima, kama katika bonde la mto Kongo, pana msitu mnene; mvua ikipungua twapata mbuga yenye miti na majani; ikikosekana kabisa, jangwa; na kaskazini ya mbali, ambako ardhi huganda kwa baridi, hapaoti ila vichaka vifupi. Hesabu hiyo ni njema, nasi twaifundisha. Walakini afikaye Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, ataona jambo ambalo hesabu hiyo hailielezi.

Nchi yenyewe ni ya miombo, ile ile ya Tabora, iendeleayo toka Angola hata Msumbiji. Mji uko zaidi ya meta 1,400 juu ya bahari. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Machi au Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu chenye baridi ya usiku mwezi wa Juni na Julai. Mwezi wa Septemba, kabla mvua haijaanza, miti huchipua majani mekundu, na mgeni hudhani imekaribia kupukutika, kumbe ndiyo kwanza yavaa nguo mpya. Mvua ikija, uyoga huota chini yake, kwa maana mizizi ya miombo na uyoga huishi kwa kulishana. Akataye mti hupoteza na kitoweo. Mabondeni mna dembo, yaani nyasi tupu zinazojaa maji wakati wa masika.

Basi katikati ya miombo hiyo huinuka vilima vyenye upara. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile. Shaba iliyomo udongoni ni sumu kwa mizizi ya miti. Lakini vilima hivyo si vikiwa, maana pana mimea iliyozoea shaba na kobalti, na katika hiyo aina zaidi ya 30 hazipatikani po pote duniani ila Katanga. Ua moja, la ukoo wa mrehani, wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Wengine husema tu ua la shaba. Wapimaji wa madini walilifuata kama mwindaji afuatavyo nyayo. Tena limeonekana likiota palipokuwa na tanuri za wazee wa kale, walioyeyusha shaba kwa makaa karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Ndio waliosubu misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. (Isidhaniwe kuwa ni ya Kikristo, ilikuwako kabla ya mmisionari wa kwanza.)

Bahati mbaya ya ua hilo na wenzake ni kwamba makao yao ndiyo hasa yatafutwayo. Shaba hulisha nyumba nyingi za Kolwezi, na kobalti imo katika betri za simu na magari ya nchi za mbali. Hatuwezi kuwaambia watu waiache ardhini. Miombo ikikatwa kwa makaa, visiki huchipua tena, vikisalimika na moto na jembe. Kilima kikigeuzwa shimo, mimea yake haina pa kuhamia. Huko Fungurume, mashariki ya Kolwezi, wataalamu wamejaribu kuhamisha udongo pamoja na mimea yake, na kukusanya mbegu kabla mitambo haijafika.