Kimea Kilichobaki

Watu wengi wa kando ya Ziwa wakiona okidi juu ya mti huidhania kuwa mnyonyaji, wakaing'oa. Mimi nami nalidhani hivyo, hata mti mkubwa karibu na shule yetu, upande huu wa Mwanza, ukakatwa kwa ajili ya makaa. Katika tawi lililolala chini naliona vimea vitatu, kila kimoja chaenea kiganjani. Mizizi yao ilishika gome tu, haikuingia ndani ya mti hata kidogo. Nalivihurumia, nikavichukua nyumbani.

Huruma yangu ndiyo iliyoua cha kwanza. Nalikipanda katika kopo la udongo mweusi, nikakitia maji asubuhi na jioni kama mchicha. Kisha majani yalinyauka, nami kwa ujinga nikaongeza maji! Nilipokitoa, mizizi ilikuwa ya kahawia, ikachubuka mikononi kama kitunguu kilichooza. Kumbe mmea uliooza mizizi hufa kwa kiu, ingawa umesimama majini.

Mizizi ya okidi za mitini imezoea hewa. Kwa nje ina ngozi mfano wa sifongo, ifyonzayo maji upesi: ikikauka ni nyeupe, ikilowa huonekana kijani. Basi cha pili nalikifunga kwa uzi wa katani juu ya kipande cha gome, nikakitia maji mizizi ilipokuwa nyeupe tu. Kilistawi. Walakini nalikitundika chini ya ukingo wa bati, na kiangazi kilipofika joto la bati na jua la adhuhuri vilikibabua. Majani yakafanya madoa meupe, kisha meusi, kikafa.

Hapo nikaogopa kweli. Mti wenyewe ulikwisha kuwa makaa, wala okidi haipandwi kwa mbegu kama mahindi: mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, hazioti porini pasipo kuvu fulani wa kuzilisha. Wala si halali kwenda kuiba Rubondo, kisiwa kilicho hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Nalikuwa na kimoja tu.

Hiki nalikitundika upande wa mashariki, penye jua la asubuhi na kivuli cha mwembe baadaye. Hukitia maji asubuhi, ili yaliyotuama kati ya majani yakauke kabla ya usiku. Miezi ya masika pengine sikigusi wiki nzima. Julai, karibu kila siku. Siku moja naliona sisimizi wakipanda na kushuka. Nalitaka kuwafukuza wao, bali wao walifuata utamu tu: chini ya majani walijibandika wadudu mfano wa magamba madogo. Naliwafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, nikarudia kila wiki mpaka wakaisha.

Mwaka wa tatu hapakuwa na ua, na majani yalikuwa ya kijani kizito mno. Nikakata tawi moja la mwembe ili nuru iingie. Mwaka uliofuata yalitoka maua manne, meupe, mchana hayanuki, jioni yananukia baraza nzima kwa kuwaita nondo. Mama yangu, aliyekuwa akiniuliza nitatupa lini takataka ile, alileta kiti chake akaketi chini yake.

Ua moja limefanya tumba la mbegu. Sasa nimekifunga kimea juu ya mwembe wenyewe, ili tumba likipasuka vumbi lake lianguke penye gome.