Mtoto Asiyeona Vema

Darasani mwangu alikuwapo mtoto aliyeketi kando saa ya michezo. Mpira ulimpita, penye ngazi alipapasa kwa mguu. Nilimwita mvivu, nami nilikosa. Macho yake hayakuona vema.

Mtoto mchanga huvutwa na kile akionacho: huinua kichwa, hunyosha mkono, hutambaa. Asiyeona hakosi nguvu, hukosa kinachomwita. Ndiyo maana mara nyingi hukawia kutambaa na kutembea. Tena akizuiwa kwa hofu, viungo hulegea.

Enyi wazazi, msimfungie nyumbani. Mwiteni kwa sauti, pigeni njuga aifuate, mshikeni mkono atembee. Nasi walimu, kabla ya kumkemea mtoto asiyecheza, tumpeleke kwa daktari wa macho. Mimi nilichelewa, ninyi msichelewe.