Usingizi wa Mwanafunzi Wetu

Leo twataka kuungama kosa letu mbele yenu, huenda likamfaa mzazi au mwalimu mwenzetu.

Chuoni petu alikuwako kijana wa miaka kumi, mwenye kifafa. Tangu aanze dawa hakuanguka tena, lakini kila asubuhi alisinzia juu ya msahafu. Tulimkaripia mbele ya wenzake, tukamwita mvivu. Mamake akaja kutuambia, "Maalim, ni zile dawa." Nasi, kwa ujinga wetu, tukamjibu, "Basi mpumzishe nazo kidogo." Halikupita juma, mtoto akaanguka, kifafa kikamwandama mfululizo hata akalazwa hospitali. Alhamdulillahi, akapata nafuu.

Alipotoka tulifuatana na mamake kwa mfamasia. Hakutulaumu, alituuliza: ni dawa gani, kiasi gani, hupewa saa ngapi, na je, anatumia dawa nyingine yoyote? Ilikuwa fenobabitali, ambayo ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912. Akatueleza kwamba dawa hiyo hutuliza ubongo, na utulivu huo huo ndio uletao usingizi na uzito wa kujifunza. Kumbe mtoto alikuwa akipewa asubuhi! Mfamasia akashauriana na daktari, wakaafikiana apewe usiku anapokwenda kulala. Kisha akatuonya: dawa ya kifafa haikatwi ghafula, ikibidi kuachwa, daktari huipunguza kidogo kidogo.

Alitufunza na mengine. Fenitoini huweza kuvimbisha ufizi, basi mswaki usisahauliwe. Karbamazepini ikitoa vipele mwilini, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo binti aitumiaye na azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, wala asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Na Ramadhani ikikaribia, mgonjwa asibadili saa za dawa kabla ya kuuliza.

Enyi wazazi na walimu, mkimwona mtoto mwenye dawa amebadilika, ulizeni kwanza kwa wenye ujuzi, lawama ziwekeni kando.

Mwanafunzi wetu sasa asoma macho wazi. Nasi tulimwomba radhi, tena mbele ya wale wale tuliomwaibisha mbele yao.